Mwalimu Aliyetufundisha Kutotazama

Kosa ninalolieleza hapa ni kosa la kutazama. Halimo katika sheria ya nchi yoyote niliyoishi, na wanaolitenda hulala usingizi mzuri. Ndani yake limo kosa jingine, dogo zaidi na safi zaidi kwa sura, ambalo watu waliosoma hulitenda kwa wepesi kuliko wasiosoma: kuyasimulia vizuri mateso ya mtu ambaye bado hajatoka katika mateso hayo. Nimelitenda mimi. Alilitenda kabla yangu mtu aliyetumia zaidi ya nusu ya umri wake kulikataza, na kwa sababu hiyo naona picha yake inastahili kuchorwa bila kupambwa.

Nitamwita Mwalimu, kama alivyoitwa na kila Mswahili wa Riyadh aliyepata kuketi kwenye ngazi zake. Alizaliwa wapi na nani ni habari ninazoziacha. Yeye mwenyewe alikwisha kuzichoka. Watu wetu waliotoka Zanzibar baada ya sitini na nne huulizana ukoo kabla ya kuulizana hali, naye akiulizwa alikuwa akijibu kwamba ukoo wake ni wale waliomrudishia vitabu alivyowaazima, na kwamba ukoo huo ni mdogo sana.

Ikama yake, yaani kibali cha ukaazi, ilimtaja kuwa karani. Kwa miaka mingi alikaa nyuma ya duka la mazulia huko Al-Dirah, akiandika majina ya mazulia yaliyoingia na yaliyotoka, kwa mwandiko ambao mwenye duka aliusifu na hakuusoma. Ualimu wake ulikuwa wa Ijumaa baada ya sala ya alasiri, pale familia zetu zilipompelekea watoto ili wasije wakapoteza Kiswahili. Wazazi walitarajia mashairi na adabu. Mwalimu alitufundisha Warumi. Na katika Warumi, jengo moja tu, ule uwanja mkubwa wa mviringo ulioko Roma ambao mabaki yake watu huyapiga picha hadi leo. Baba yangu alimwuliza siku moja kwa nini asitufundishe historia ya kwetu. Alijibu kwamba katika historia ya kwetu kila nyumba ina aliyeonea na aliyeonewa, na tukianza kuwataja hakuna chai itakayonyweka. Warumi hawana jamaa Riyadh.

Darasa lenyewe lilikuwa ngazi za jengo alilopanga, ngazi pana za zege zilizopanda kwa kuzunguka hadi ghorofa ya tatu. Chini kabisa, sakafuni, aliweka sinia la bati, lile la kupakulia pilau ya watu wanane, akalijaza mchanga. Kisha alitugawia vifuniko vya chupa za soda alivyovikwaruza nambari kwa msumari, kwa kuwa Warumi nao waliingia kwa vibao vyenye nambari, ya mlango na ya safu. Maseneta waliketi karibu na sinia. Juu yao matajiri, juu ya matajiri raia wa kawaida, na juu kabisa, chini ya paa, maskini, watumwa na wanawake. Kwa hiyo sisi wasichana tulipanda hadi ghorofa ya tatu, tukaona upara wa Mwalimu na duara la mchanga. Nilikuwa na miaka tisa. Nilimpigia kelele kwamba huku juu hatuoni kitu.

"Ndivyo walivyokuwa wakisema," alinijibu bila kuinua kichwa. "Na kila tamasha walirudi."

Hakuwa mtu wa kutia chumvi. Alieleza jengo kama fundi anayelikabidhi: turubai kubwa lililotandwa juu kwa kamba na mabaharia ili waheshimiwa wasiunguzwe na jua, sakafu ya mbao chini ya mchanga, na chini ya sakafu, mahandaki ya giza ambamo mnyama alikaa kizimbani hadi wakati wake, akapandishwa kwa kamba, akatokea juani kana kwamba ardhi yenyewe imemzaa. Alieleza mpangilio wa siku. Asubuhi, mawindo ya wanyama. Adhuhuri, wakati watu wenye adabu wamekwenda kula, kuuawa kwa waliohukumiwa. Alasiri, wapiganaji wa upanga. Alisema simba hakupata kumtisha. Kilichomtisha ni ile ratiba, kwamba palikuwa na karani, mtu mpole mwenye mwandiko mzuri, aliyeketi akaandika nani atakufa kabla ya chakula na nani baada yake. Akilisema hilo alikuwa akiitazama mikono yake.

Alikuwa na swali moja ambalo kila kizazi cha wanafunzi kililijibu vibaya. Mchanga ulikuwa wa nini? Tulisema, ili wapiganaji wasiteleze. Tulisema, ili wanyama wasiumie miguu. Alitikisa kichwa kwa uchovu wa mtu aliyekwisha kuyasikia majibu hayo kabla hatujazaliwa. Mchanga, alisema, ulikuwa kwa ajili ya watazamaji. Damu kwenye jiwe inabaki, inaanza kunuka, inamkumbusha mtu nyumbani kwake. Kwenye mchanga unafagia, unamwaga mwingine, tamasha linaendelea. Hapo alipitisha kiganja juu ya sinia na kusawazisha alama zote tulizochora.

Kitu alichokichukia kuliko uvivu ni maneno yasiyo na mahali. Mwanafunzi akisema "walitokea sehemu fulani," alisimamishwa. "Fulani hapo ni wapi? Mlango wa ngapi? Safu ipi? Mtu anayesema fulani hakuona, au ameona na anaficha." Nikawa mfasiri wa hati kwa sababu ya sentensi hiyo, hadi leo katika ofisi yetu mimi ndiye ninayerudisha karatasi isiyotaja nyumba na mtaa. Naomba msomaji aikumbuke tabia hiyo ya Mwalimu. Ilikuwa nzuri, nasi tuliirithi ikiwa nzuri.

Kila somo alilimaliza kwa namna moja. Alituambia habari ya mtawa aliyekuja kutoka mashariki, mtu asiyejulikana na yeyote, aliyeingia uwanjani siku ya mapigano, akashuka safu baada ya safu hadi mchangani, akasimama kati ya watu wawili wenye panga akiwaomba waache. Umati ulikasirika kwa kukatiziwa starehe, ukampiga mawe hadi akafa. Husimuliwa kwamba baada yake mapigano yale yalikomeshwa. Mwalimu hakuficha kwamba wanahistoria wanabishana juu ya kisa hicho. "Lakini nitajieni," alisema, "jina la mmoja tu katika waliorusha mawe." Hatukuwa nalo. "La aliyeshuka je?" Nasi tulilitamka kwa pamoja, tangu maseneta hadi wanawake, na somo lilikwisha kwa jina hilo. Sitalirudia hapa. Ninalo jina jingine la kumalizia.

Watu wanaopenda kuwasifu walimu wao husahau kasoro zao, au huzitaja ndogondogo ili kubwa zisiulizwe. Mwalimu alikuwa bahili wa sifa na mwepesi wa kejeli. Aliweza kuikataa biriani ya mtu mezani pake kwa kusema tu kwamba mchele umesoma zaidi ya nyama. Alikuwa akipenda ndondi. Ndiyo, mtu huyo huyo. Katika miaka hii ambapo Riyadh imekuwa mji wa mapambano makubwa, na mabango yake yanawaonyesha wanaume vifua wazi wakikunjiana uso juu ya barabara, yeye alikaa mbele ya televisheni yake ndogo na kutazama raundi zote, sauti ikiwa imezimwa. Nilimkuta hivyo mara mbili. Mara ya pili nilimwuliza. Alisema anazima sauti ili asiwe mmoja wao, kwa kuwa katika ndondi sauti ni ya umati. Nilikuwa mtu mzima tayari, na kwa mara ya kwanza nilimwona akisema jambo asiloliamini.

Palikuwa na uwanja karibu na duka lake, ule wa kutekelezea hukumu za kifo, ambao siku za Ijumaa hakuukatiza. Alizunguka mitaa miwili kuuepuka, juani, akiwa na fimbo. Hakutuambia sababu, nasi hatukumwuliza. Barabarani pia alikuwa hivyo. Siku moja tulikuwa tukirudi kutoka Jeddah kwenye gari la baba yangu, tukakuta ajali: magari yamesimama, watu wameshuka, simu zimeinuliwa. Baba alipunguza mwendo. Mwalimu aliyafumba macho yake na kusema "Twende," kisha hakuyafumbua hadi tulipofika mbali. Nilimheshimu sana siku hiyo. Ilinichukua miaka kutambua kwamba hatukuwa tumetazama na wala hatukuwa tumesaidia. Kwamba mle garini mlikuwa na chupa nyingi za maji na mtu mmoja aliyefumba macho, na kwamba yeye aliyafumbua akiwa ametulia, kana kwamba amelipa.

Hapo ndipo lilipokuwa tundu katika mafundisho yake. Alidhani binadamu wako namna mbili, walioketi na aliyeshuka, na kwamba mtu akijizuia kuketi tayari amekwisha kushuka nusu ya ngazi.

Simu ya kisasa aliipata akiwa mzee, zawadi ya bintiye anayekaa Jeddah. Aliitumia kama wino. Ujumbe wake ulikuwa na maamkizi, utangulizi, hoja na hitimisho, na ukifika katika kundi letu la simu, lile la Waswahili wa Riyadh, vijana walimtania kwamba ungefaa uwe na faharasa. Hata hivyo waliusoma. Kundi hilo lilikuwa na watu wa kila namna: familia za Kizanzibari zilizotulia, wauza duka wa mtaa wa Batha, na wanawake wengi wa Kenya wanaofanya kazi majumbani, Waislamu na Wakristo, walioingia humo kutafuta habari za kazi, za ikama, za makafili wa kuogopwa, wale waajiri wanaoshika kibali cha mtu. Lilikuwa na desturi yake. Mtu akipatwa na shida, anarekodiwa, kisha chini ya video huandikwa: isambazeni hadi imfikie mhusika. Tuliamini kwamba kusambaza ni kusaidia. Kila mmoja alisukuma mbele, akahisi mikono yake imefanya kazi.

Ijumaa moja asubuhi ilikuja video kutoka Batha. Mwanamke wa Kenya, kijana bado, aliketi kwenye ngazi za jengo lenye maduka ya mabegi, miguuni ana ndala za ndani, mkono mmoja umefungwa kitambaa cha jikoni. Alikuwa ametoroka katika nyumba aliyokuwa akifanya kazi. Alikuwa akisema kwa sauti ya chini, "Nisaidieni tu nifike embassy, jamani, simu yangu madam alichukua." Duara la watu lilimzunguka. Sauti ya mpiga picha, mtu wetu kabisa kwa lafudhi, ilimwagiza ataje jina lake na la kafili wake ili watu wajue. Alitaja yote mawili. Jina lake silitaji. Lilitajwa vya kutosha. Akaambiwa auinue mkono uonekane vizuri. Akauinua.

Katika sekunde za mwisho, wakati mpiga picha anageuza simu kuonyesha wingi wa watu, anaonekana kwa nyuma mwanamke mwingine, mtu mzima, abaya yake imepauka, mkono wa abaya una unga. Anashuka ngazi zile akiwapenya watu, anamshika yule kijana kwapani, anamwinua, anampitisha kwenye mlango. Video inakatika. Wengi wetu hatukumwona. Tulikuwa tukimtazama yule wa mkono.

Mwalimu alimwona. Ni nani mwingine angemwona? Alikuwa amemngoja tangu sisi tukiwa watoto.

Baada ya sala ya Ijumaa aliandika. Nimewahi kusoma Kiswahili kizuri, na sijasoma kingi kilicho kizuri kuliko kile. Aliandika kwamba sisi wa kundi hili tumeketi kwa safu, matajiri chini na wengine juu, turubai limetandwa tusiungue. Kwamba msichana yule ameinuliwa kutoka handakini hadi juani kwa kamba za simu zetu. Kwamba tulimtaka auinue mkono kama walivyotaka wao. Kisha, kwa kuwa somo lake lilimalizikia daima kwa aliyeshuka, alimtafuta aliyeshuka. Alitutaka turudie sekunde za mwisho. Na kwa kuwa alichukia neno fulani, na kwa kuwa alikuwa ameyatembea maeneo hayo tangu ujana, hakusema aliingia mlango fulani. Alisema mlango upi. Alitaja rangi yake, upande wa duka ulipo, kichochoro cha ngapi, na akaongeza kuwa nyuma yake hukaa wanawake wa pwani ya Kenya wanaokaanga maandazi ya wafanyakazi wa asubuhi, mmoja wao bila shaka ndiye huyu, mwenye heshima kuliko sote.

Aliweka video chini ya maneno hayo, ili tuone.

Niliyasoma mara tatu. Nilisahihisha mkato mmoja. Kisha, alasiri ile ile, nilifanya jambo ambalo sikulikiri kwa mtu yeyote kwa miaka miwili: niliyafasiri kwa Kiarabu. Katika ofisi yetu tupo wanawake watatu, na wenzangu wawili ni wenyeji, watu wema, waliokuwa wakinisikia nikimsifu Mwalimu bila kuweza kumsoma. Nilitaka wamwone, nikawatumia kwa simu. Nilifanya kazi nzuri. Sikupoteza rangi ya mlango wala nambari ya kichochoro. Mmoja aliguswa hadi akamtumia dada yake, na dada yake naye ana rafiki zake, na sijui maneno yale yalipita katika mikono mingapi, yote ikiwa mikono ya watu walioguswa.

Jumamosi kabla ya adhuhuri watu wa kafili walifika kwenye mlango ule wakiwa pamoja na askari. Yule kijana hawakumkuta. Mwanamke wa unga alikuwa amemfikisha mwenyewe ubalozini kwa teksi alfajiri, kisha, kwa kuwa wafanyakazi wanahitaji maandazi hata Jumamosi, alirudi kukanda. Walimkuta yeye na wenzake. Hakuwa na ikama. Ilikuwa imekwisha zamani, baada ya kafili wake kufariki na warithi kukataa kumjua. Alikaa tarhili wiki kadhaa, katika kizuizi cha wanaongoja kurudishwa kwao, kisha akapandishwa ndege. Miaka kumi na mmoja aliyoiishi Riyadh ilikwisha kwa mfuko mmoja wa plastiki. Jirani aliyeyasimulia hayo kundini alimalizia kwa neno moja la Kiarabu la kufunga jambo: halas. Wala hakulaumu mtu. Ndivyo tulivyojua.

Kundi likajaa pole na dua. Mtu mmoja aliuliza iwapo kuna video.

Mwalimu hakuandika tena humo. Ijumaa iliyofuata watoto walipofika walimkuta ngazini, sinia liko wima ukutani, mchanga hakuna. Aliwaambia somo limekwisha na kwamba wawasalimie wazazi wao. Nilimtembelea mwezi ule. Televisheni ilikuwa imefunikwa kitambaa. Alinimiminia chai, akazungumza juu ya joto na juu ya lifti ya jengo ambayo imeharibika tena, na nilipoligusa jambo lile alisema, "Nilimtaja palipotakiwa nimfiche, na jina lake silijui." Ndilo alilolisema, na hakulisema kwa namna ya kutaka kufarijiwa. Baadaye mwaka ule bintiye alimchukua Jeddah.

Yule kijana wa ngazi alirudishwa Kenya akiwa salama, mkono umepona kiasi cha kupona. Nalijua hilo kwa kuwa karatasi zake zilipita mezani pangu kufasiriwa, na kwa kuwa aliniachia nambari yake ya simu kwa ajili ya saini iliyobaki. Nambari hiyo niliitunza miaka miwili bila kuipiga. Sina utetezi. Nilikuwa nimefumba macho, kama mtu aliye ndani ya gari.

Shaaban iliyopita Mwalimu alinipigia mwenyewe. Sauti ilikuwa imepungua hadi ikawa kama inatoka chumba cha pili. Hakutumia utangulizi wala hoja. Alisema madaktari wamekuwa wapole mno kwake, na dalili hiyo haipendi. Alisema anataka jambo moja kabla hajaondoka: kumjua aliyeshuka, jina lake, basi. Sikumwahidi kitu. Nilimpigia yule kijana siku hiyo hiyo, nikamwomba akamwulize yule mwanamke wa unga, maana walikuwa bado wanazungumza. Na wiki iliyofuata nikapanda ndege kwenda Jeddah.

Nilimkuta kwenye kiti karibu na dirisha, blanketi miguuni ijapokuwa hewa ya Jeddah siku ile ilikuwa nzito kama kitambaa kibichi. Nilimwamkia. Aliitikia, akaniuliza kama bado narudisha karatasi zisizo na mtaa. Nikasema bado. "Masikini," alisema, na sikujua ni mimi au watu wa karatasi. Mikono yake ilikuwa ikitetemeka hadi bintiye alilazimika kumshikia kikombe. Binti alipotutoka kwenda jikoni, nilimweleza. Nilimwambia kwamba siku ile niliyafasiri maneno yake.

Alilivuta blanketi juu ya magoti.

"Nilijua, mwanangu," alisema. "Kafili hasomi Kiswahili."

"Na hukuniambia kitu."

"Nilikuwa nakungoja. Nilidhani utakuja haraka zaidi."

Hapakuwa na hasira katika sauti yake, na ningeipendelea hasira. Tulikaa hivyo, mzee na mwanafunzi wake mwenye mvi, wala hakuna kati yetu aliyekuwa na la kumfundisha mwenziwe. Kisha nikaitoa simu, nikapiga, nikaiweka juu ya blanketi lake ili sote tusikie.

Yule kijana aliitikia kwa furaha ambayo sikuitegemea. "Mwalimu, shikamoo. Huku kwetu kunanyesha, ukisikia kelele ni mabati." Alimwuliza kama anakula. Mwalimu alimjibu kwamba analishwa, jambo ambalo ni tofauti, naye akacheka kule. Ndipo Mwalimu alipoanza kumwomba radhi, akaanza vizuri, kwa mpangilio, nami nilisikia sentensi ikijipanga mdomoni mwake kama zile za zamani. Aliikata mwenyewe katikati.

"Nisamehe," alisema tu.

"Mimi sina shida na wewe, baba," alisema yule kijana. "Mimi nilifika. Ni yeye alishikwa."

"Ndiyo. Anaitwa nani?"

Yule kijana alisogea mbali na kelele za mabati. Kisha akasema kwamba alimwuliza, kama alivyoombwa. Kwamba mwenzake alicheka kwanza, akauliza, ni yule mzee wa kuandika? Kwamba baadaye hakucheka.

"Alisema nikwambie hivi. Angeandika jina langu, akaachana na mlango. Jina ni yangu, ningebeba. Ile mlango ilikuwa ya watu sita."

Mwalimu alifumba macho. Nilidhani atabaki hivyo, kama siku ile ya barabarani, lakini aliyafumbua upesi na kuinamia simu. "Sita," alisema. "Sikuwahesabu." Akauliza wale watano wengine wako wapi. Wawili walirudishwa pamoja naye, alijibiwa. Watatu hakuna anayejua. Akauliza kama mwanamke yule anakubali jina lake liandikwe sasa, au alisema basi. Yule kijana alisema amekubali, liandikwe, na kwamba alilitaja pole pole mara mbili ili lisikosewe. Kisha akalitaja.

Simu ilipokatika Mwalimu alinionyesha kabati. Ndani yake lilikuwepo daftari lake la mahudhurio, lile la jalada gumu ambamo aliandika nani kaja na nani hakuja kwa Ijumaa zote zile. Nililiona jina langu, miaka tisa, safu ya juu. Aliniambia nifungue ukurasa wa nyuma kabisa. Palikuwa na jina moja tu, la mtawa wetu, kwa wino uliogeuka rangi ya kutu.

"Andika chini yake," alisema. "Mkono wangu hauandiki tena. Wewe una mwandiko mzuri, Mungu atusamehe wote wawili."

Nilichukua kalamu. Kwa mazoea ya kazi yangu niliacha nafasi upande wa kulia, ya nyumba, mtaa na mji. Aliiona ile nafasi. Akanyoosha kidole, akakiweka juu yake, akakiacha hapo hadi nilipomaliza. Kwa hiyo pametajwa jina bila mlango, bila kichochoro, bila kitu kingine chochote: Mejumaa Salimu.